Bima ya Safari ya Mzee Ngoyai

Jamaa zake hawapendi jina lake litajwe siku hizi, maana kwao marehemu hatajwi jina. Nawaheshimu, ila mimi ni Mrangi wa Kondoa, jina lake nalipenda, na nisipolitaja mimi sijui nani atalitaja. Aliitwa Ngoyai. Alikuwa mfugaji wa Kimaasai wa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro ambako ukungu unashinda mchana kutwa na ng'ombe wana manyoya marefu kwa baridi.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa bima hapa Karatu. Nasema mtu wa bima kwa sababu ofisi sikuwa nayo. Nilikuwa na meza kwenye kona ya duka la Omary, kati ya madebe ya mafuta ya taa na kiti cha fundi cherehani. Bima nchini ilikuwa ya shirika moja, wala hukuwa na kazi ya kulinganisha huyu na yule kama vijana wa leo wanavyojidai. Niliwakatia bima wenye malori ya ngano wa Oldeani, na wenye Landrova za watalii, kabla watalii hawajapungua mpaka madereva wakageuka wapiga soga. Basi. Mtu wa kawaida akikatiza mbele ya meza yangu aliniona kama mganga wa aina fulani, anayelipwa ili mabaya yasitokee, na akiyaona yametokea anakuja kunidai.

Karatu ile naikumbuka mpaka roho inauma. Barabara moja, vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria, na jioni baridi ikishuka watu wanajikusanya kwa Omary kusikiliza redio ya betri. Sukari hakuna, sabuni hakuna, ukiuliza kitu dukani unaambiwa, "Labda Arusha." Tuliishi kwa hiyo labda, na nathubutu kusema tuliishi vizuri.

Ngoyai nilimfahamu siku za mnada. Alikuwa mrefu, mwembamba, jicho moja limefifia kidogo, na Kiswahili chake alikiokota mnadani, kimenyooka, hakina mapambo. Kilichonishangaza kwake ni marafiki. Alikuwa na ng'ombe Arash, Loliondo, mpaka Engaresero kule kwenye joto la Natron, na hao ng'ombe hawakuwa wake peke yake tena, alikuwa amewagawia marafiki. Mwanzoni nilidhani ni ufujaji. Akanieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha mtoto kunawa, kwamba ukimpa mtu ng'ombe, ninyi wawili hamuitani majina tena. Mnaitana kwa kile mlichopeana. Wa ng'ombe mnaitana Pakiteng, wa mbuzi Pakine. Ukame ukija kwako, unakwenda kwake na watoto wako, hakuulizi kitu.

Sasa Mzee Ngoyai alikuwa na mke wa pili aitwaye Seenoi, ambaye Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, binti, Nareyu. Mapadre walimpeleka Nareyu shule, akafanya vizuri, akasomea uuguzi, kisha akapelekwa Uholanzi kuendelea. Alikwenda kwa miaka miwili. Ikapita miwili, ikapita mingine, mama yake akaacha kuuliza kwa mdomo. Halafu mwishoni mwa mwaka wa themanini na tatu ikaja habari kwamba Nareyu anaolewa huko huko, mwezi wa pili, na mchumba amemkatia baba mkwe tiketi ya ndege. Binti alikuwa amekataa katakata kuolewa bila baraka ya baba yake. Na baraka yao haitumwi kwa posta. Ni mzee mwenyewe asimame, ashike kibuyu cha maziwa, amnyunyizie binti na kumtamkia maneno mema.

Padre wa misheni, aliyekuwa akishughulikia pasipoti, akaweka sharti moja. Hakuna kusafiri bila bima. Kuna mtu wao aliwahi kuugua Ulaya wakabaki wanahangaika na gharama, hawakutaka tena.

Ndiyo maana Ngoyai akaingia dukani kwa Omary siku ya mnada wa Januari, Seenoi nyuma yake. Seenoi alikaa kwenye gunia la maharage. Nikamvutia mzee kigoda, nikaanza kazi kwa madaha, maana bima ya safari ya ng'ambo sikuwa nimewahi kumkatia mtu zaidi ya mzungu mmoja wa shamba.

"Mzee, kuna mafungu matatu," nikamwambia. "La kwanza, mizigo. Ikipotea tunakulipa."

"Mzigo wangu ni shuka, fimbo na kibuyu cha baraka."

"Vyote tunaviandika."

"Kibuyu kikivunjika, mnanipa nini?"

"Fedha."

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Nitambariki mtoto kwa fedha?"

Omary akacheka nyuma ya mizani. Nikaruka fungu la mizigo.

"La pili ni matibabu. Ukiugua huko, shirika linalipa hospitali."

"Hiyo nzuri. Nataka hiyo."

"Na la tatu," nikasema, nikiwa najisomea tu karatasi bila kufikiri, "ukifariki, shirika linalipa fidia na kuleta maiti yako mpaka nyumbani."

Ngoyai alinyanyuka polepole, akachukua fimbo yake. Seenoi naye akanyanyuka, amefunika mdomo kwa pembe ya shuka.

"Bwana Bima," akasema mzee, hakupandisha sauti, "mimi naenda kubariki mtoto. Mdomo huu ndio utambariki. Wewe umeweka maneno gani mbele yake?"

Wakatoka. Mimi nilibaki nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa ya kijinga kama hasira nyingi za vijana wenye meza. Niliona nimesomea kitu kizuri, nimekitandaza, na mtu amekikanyaga. Nikamwambia Omary kwamba hawa watu hawatasaidika mpaka siku ya kiama. Omary, ambaye alikuwa amewauzia shuka watu hao tangu akiwa na nywele nyeusi, akaniambia, "Shaabani, mtu anakwenda kutoa baraka unamwekea jeneza mapajani. Ungekuwa wewe?"

Padre naye hakulegea. Fungu la pili na la tatu, yote mawili, au tiketi inarudishwa. Harusi ilikuwa imebakiza wiki chache, na gari la misheni lilikuwa likishuka Arusha kila Alhamisi kushughulikia karatasi. Mzee akikosa bima hafiki, asipofika binti haolewi kwa baraka, na kwao hilo si jambo dogo la kusema atafanya siku nyingine. Nilijua hilo, likanikosesha raha.

Nikaamua kumfuata. Nilimkuta kwenye josho la ng'ombe, amesimama na wenzake, nikamvuta pembeni. Safari hii karatasi niliiacha mfukoni.

"Mzee, ng'ombe wako aliyeko Arash, akiugua, nani anamtibu?"

"Pakiteng wangu wa Arash."

"Na ukimtaka nyumbani, naye hawezi kutembea?"

"Pakiteng atatafuta njia. Atamfikisha."

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Huko Uholanzi unakokwenda, unaye rafiki kama huyo. Hujamwona, lakini yupo. Ukiumwa anakutibu. Safari ya kurudi ikikushinda, atatafuta njia, akufikishe Nainokanoka. Hapo ndipo maneno yake yanapoishia, hayana zaidi."

Alitazama ng'ombe wakitumbukia mmoja mmoja kwenye dawa. Kisha akasema, "Sasa umesema kitu. Mwanzo ulikuwa unabweka."

Alikuja dukani, akabonyeza dole gumba chini ya karatasi, tukamaliza. Nilijipongeza kweli kweli. Niliona nimewashinda walimu walionifundisha bima Arusha. Sikujua kwamba kwa maneno yangu mwenyewe nilikuwa nimejifunga kamba.

Siku mbili hazikupita, nikasikia mbuzi analia mlangoni. Ngoyai amesimama na mbuzi jike mweupe, mzuri, ameshiba, ana kengele shingoni.

"Huyu ni wa nini, mzee?"

"Wako. Wewe na mimi tuitane Pakine."

"Lakini bima umeshalipia."

"Nimelipa fedha. Fedha nampa hata mtu wa chumvi, nami simjui jina. Wewe umesema nina rafiki Uholanzi. Rafiki yupi, ambaye hatujapeana kitu? Nitaumwa ugenini, aninyanyukie kwa sababu gani?"

Hapa msomaji aliyezaliwa juzi inabidi nimweleze. Huo ulikuwa wakati wa kuwasaka wahujumu uchumi. Watu walikuwa wakimwaga sukari chooni usiku kwa woga. Ukionekana na boksi la sabuni unaulizwa ulilitoa wapi. Na mimi, mtu wa shirika la umma, napokea mbuzi kutoka kwa mteja mchana kweupe, katikati ya Karatu, mbele ya macho yote yale? Nilimwona Omary akinifanyia ishara kali kwa nyuma, mbuzi huyo aondoke.

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu, nikasema sheria hairuhusu, serikali itanifunga, asante sana mzee. Ngoyai hakubishana. Alitoa karatasi ya bima kutoka kwenye kimfuko cha ngozi, akailaza juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja kama anamlaza mtoto.

"Basi siendi," akasema. "Mtu wao amekataa mbuzi wangu. Nikienda nitakuwa peke yangu huko."

Akaondoka na mbuzi wake, kengele ikilia mpaka mwisho wa barabara.

Jioni nilimsimulia mke wangu, Sikudhani, nikitaraji anihurumie. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wewe unaogopa kufungwa," akasema, "yeye anaogopa kuwa peke yake ugenini. Mwenzio kwa woga wake kaleta mbuzi. Wewe kwa woga wako umeleta nini?"

"Lakini Mwamini wa hapo jirani akiniona na mbuzi, atanisemea..."

"Kwani lazima umlete hapa? Huoni wenyewe wanavyofanya? Ng'ombe ni wa mtu huyu, na analala kwa mtu yule."

Wanawake wengine wangefaa kuwa mawaziri. Kesho yake alfajiri nilidandia lori la mbao mpaka lango la hifadhi, kisha nikapata Landrova ya bwana mifugo iliyokuwa ikipanda Nainokanoka. Nilifika bomani nimepauka kwa baridi. Ngoyai alikuwa ameketi nje, na Seenoi anakamua. Nikamwambia nimekuja kumpokea mbuzi wangu, lakini naomba achungwe hapo hapo na wenzake, kwa sababu Karatu hakuna majani. Nikamrudishia karatasi yake, nikavua koti langu la sufu, lile nililopewa na baba siku naanza kazi, nikampa. Mikono ilimfikia katikati ya kiwiko na kifundo. Alilivaa hivyo hivyo, hakulivua.

"Pakine," akaniita.

"Pakine," nikaitika.

Akaondoka Alhamisi na gari la misheni, karatasi kwenye kimfuko, kibuyu kimefungwa kwenye shuka. Harusi ilikuwa katikati ya Februari, na kurudi kulipangwa siku kumi baada ya kufika. Siku kumi zikapita. Mwezi ukaisha. Seenoi akawa anashuka Karatu kila mnada, anakaa kwenye lile gunia la maharage, anatazama barabara ya Arusha. Nami nikawa silali vizuri. Padre alisema tu kuna habari kwamba mzee ameumia, yuko hospitali, shirika limeshughulikia. Nilijikuta naswali na kumwombea mtu asiyekuwa wa dini yangu, kwa jina la mbuzi.

Alirudi masika yameshaanza, ameshika fimbo mpya, anachechemea, ameneneka. Duka lilijaa. Alitusimulia kwa utaratibu, hakukimbia.

Siku ya tatu baada ya kufika alitoka nje kwenda kuona alfajiri kama anavyofanya kwake. Ngazi zilikuwa na barafu. Mguu ukaenda huku, yeye akaenda kule, mfupa ukavunjika. Wakampeleka hospitali ile ile ambayo Nareyu alikuwa anafanya kazi. Siku ya harusi hakuweza kusimama, basi maharusi wakaja wodini na nguo zao, na Ngoyai akaketi kitandani, mguu umening'inizwa, una plasta nyeupe, akambariki binti yake kwa kibuyu mbele ya wagonjwa na wauguzi. Alitema mate ya baraka kama inavyotakiwa. Mzungu mmoja mzee wa kitanda cha jirani akaomba naye abarikiwe.

"Kisha nikamwambia, nenda, usigeuke," akasema Ngoyai. Kwao binti akiolewa anatoka nyumbani bila kutazama nyuma. "Akaenda. Kufika mlangoni, akageuka akanitazama."

"Ukamwambiaje?" Omary akauliza.

"Nitamwambia nini? Nilifurahi. Ilikuwa vibaya, na nilifurahi."

Kilichofuata ndicho alichokisimulia tena na tena maisha yake yote yaliyobaki. Zile siku kumi zikageuka wiki kwa wiki. Daktari hakumruhusu kupanda ndege. Kila zamu ya Nareyu ikiisha, alikuja kukaa kitandani kwa baba yake, anamlisha, anamnyoa, wanaongea Kimaasai mpaka taa zinapunguzwa. Alimuuliza kila ng'ombe kwa rangi yake. Alimuuliza mama yake anakamua na nani. Ngoyai alisema tangu binti azaliwe hakuwahi kukaa naye hivyo, maana nyumbani baba hakai na binti, kuna ng'ombe.

"Pakine," akaniambia, duka zima likisikia, "bima yako ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Nataka nyingine. Ya mama Nareyu. Ile ile inayovunja mguu."

Tulicheka mpaka Omary akafuta machozi kwa kanzu. Nilimweleza kwamba bima haivunji mguu, mguu unavunjwa na barafu. Akanikubalia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemwacha mjuzi aendelee kuficha siri ya kazi yake.

Tiketi ya pili haikuja. Nareyu alipata mtoto, kisha wa pili, picha zikawa zinafika misheni, na maisha ya huko yana kazi zake. Mimi na Pakine tuliendelea. Mbuzi wangu alizaa, akazaa, na miaka ya ukame watoto wangu walikunywa maziwa yake. Shirika lilimalizana naye siku aliposhuka kwenye ndege, kwa mujibu wa karatasi. Mbuzi hakuwa na tarehe ya mwisho.

Lakini ninayemkumbuka zaidi, nikikaa peke yangu, ni Seenoi. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, au saba, siku ya mnada. Alikuja peke yake, mzee alikuwa amebaki na ng'ombe. Hakwenda kwenye gunia. Alivuta kigoda kile cha wateja, akakaa mbele ya meza yangu, akakunja mikono. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na nilijua alikuwa amekipanga njia nzima.

"Pakine ya mzee," akasema. "Hii bima. Mtu akifa Ulaya, unamleta nyumbani?"

Nilishtuka kumsikia akitamka lile neno ambalo mume wake alilikimbia.

"Ndiyo, mama Nareyu. Shirika linamleta."

"Hata kama mbali?"

"Hata kama mbali."

Akatazama mikono yake.

"Sasa nataka ile ya kuleta mtu mzima. Haumwi, hajafa. Anapumua tu. Iko?"

Nimefanya kazi ya bima zaidi ya miaka ishirini, nimeulizwa maswali na matajiri na wanasheria. Lile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifungua droo ya meza nikaifunga. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hiyo haipo."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, kama sisi sote tulivyozoea kuitikia miaka ile tukiulizia sukari. Akanyanyuka, akarekebisha shuka, akafika mlangoni, akarudi hatua moja.

"Labda Arusha?" akauliza.

Nikamwambia nitaulizia. Na kila niliposhuka Arusha na kurudi, alinisubiri siku ya mnada, nami nikamwambia bado haijafika.